Fuvu la Mtwa Mkwawa: Yanayosemwa na Mfupa na Yanayobaki katika Mjadala

Katika Makumbusho ya Kalenga, mkoani Iringa, limehifadhiwa fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyefariki dunia Julai 19, 1898. Fuvu hilo linabeba maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: la kwanza ni iwapo ni lake kweli, la pili ni iwapo kifo chake kilitokana na mkono wake mwenyewe. Kila swali lina njia yake ya kuchunguzwa kitabibu.

Mkwawa aliingia katika historia ya mapambano dhidi ya ukoloni Agosti 17, 1891, wapiganaji wake walipokishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Ngome ya Kalenga ilitekwa mwaka 1894, lakini mtawala huyo aliendelea kupigana akiwa mafichoni, huku Wajerumani wakiahidi zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwake.

Kwa mujibu wa maelezo ya Wajerumani, askari waliokuwa wakiongozwa na Sajini Merkl waliona watu wawili wamelala chini, wakawafyatulia risasi kutoka mbali, na walipowakaribia wakakuta wote wawili wamekwisha kufa. Ikaelezwa kuwa Mkwawa alikuwa amejipiga risasi ili asitiwe mikononi mwa adui. Merkl aliamuru kichwa kikatwe na kupelekwa kwa kamanda wake, Tom von Prince, mjini Iringa.

Kichwa hicho kikawa suala la kimataifa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Agizo hilo halikutekelezwa kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1953, Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, lililokuwa na mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalitengwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na miongoni mwa hayo likachaguliwa moja tu lenye tundu la risasi. Juni 19, 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa huko Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Utambuzi huo ulitegemea uwiano wa upana wa fuvu kwa urefu wake. Kipimo hicho huonesha umbo la kichwa, lakini hakithibitishi nasaba, kwa kuwa watu wengi wasio na undugu wowote huwa na uwiano unaofanana. Tundu la risasi nalo halikuwa alama ya mtu mmoja, kwani vita vya wakati huo viliua wengi kwa bunduki. Ndiyo maana wanahistoria wameendelea kujadili uhakika wa utambuzi wa mwaka 1953.

Kuhusu namna ya kifo, mfupa una mipaka yake. Risasi inapoingia katika fuvu huacha tundu lililo dogo upande wa nje na lililopanuka upande wa ndani. Inapotoka, hali huwa kinyume chake. Kwa alama hizo mtaalamu anaweza kueleza risasi ilipita upande gani. Hata hivyo, jeraha alilopata mtu alipokuwa hai na lile lililoupata mwili muda mfupi baada ya kifo huweza kufanana kabisa katika mfupa. Kwa kuwa askari walikiri kufyatua risasi, tundu peke yake haliwezi kueleza lilitokana na bunduki ya nani.

Swali la utambulisho, kwa upande wake, sasa lina nyenzo bora zaidi. Vinasaba huweza kupatikana katika jino au katika mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, kisha vikalinganishwa na vya wazao walio hai. Mwaka 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki, ambapo 202 yalihusishwa na Tanzania. Kwa njia ya vinasaba, mafuvu matatu yalioanishwa na familia zilizo hai nchini, likiwamo la mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa mwaka 1900. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikupatikana.

Hata hivyo, kuchukua sampuli hugusa mabaki ya marehemu, hivyo ridhaa ya familia na heshima ya mila hutangulia maabara. Ushujaa wa Mkwawa hautegemei majibu ya kipimo. Lugalo na miaka saba ya mapambano iliyofuata vinatosha kuushuhudia. Kipimo kina umuhimu mwingine: endapo fuvu lililoko Kalenga si lake, basi ni la mtu mwingine ambaye ukoo wake bado unamsubiri, na Mkwawa mwenyewe bado hajarejea nyumbani.