Sura ya Tatu: Mtoto Anachemka

Mwaka 2004 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474, wakubwa kwa wadogo, waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa upya kwa makini chini ya darubini, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu, hawafiki nusu. Waliobaki walikuwa wanaumwa kweli, tena sana, ila ugonjwa wao ulikuwa mwingine. Na wao ndio waliokufa zaidi: waliokuwa na malaria walikufa karibu 7 katika kila 100, wasiokuwa nayo walikufa 12. Wamo waliofika mahututi wasiandikiwe hata dawa ya kuua bakteria, kwa kuwa kila mtu alikwisha kuamini kwamba ugonjwa unajulikana.

Naanza na hesabu hizo kwa sababu zinatueleza sisi wa pwani tulivyo. Kuanzia Mkinga hadi Pangani, kuanzia Tanga mjini hadi Korogwe, mtoto akichemka jina la ugonjwa hutajwa kabla ya kipimo. Zamani jina lilikuwa moja, malaria. Siku hizi yameongezeka mawili, UTI na taifodi, na mtoto hurudi nyumbani na mfuko wa dawa za yote matatu. Joto la mwili ni hodi. Ukiisikia, uliza kwanza ni nani.

Muheza ni mji ambao abiria wa basi la Tanga anaukumbuka kwa machungwa. Wanaofuatilia tiba ya watoto duniani wanaukumbuka kwa Hospitali Teule. Milima ya Amani iliyo jirani ilikuwa na kituo cha utafiti tangu enzi za Wajerumani, na baadaye malaria ikawa somo lake kubwa. Kwa hiyo yaliyogunduliwa wodini Muheza yamekwenda kubadili tiba hata katika nchi ambazo hazijui Muheza iko wapi.

Tuchukue sindano ya malaria kali. Kwa miaka mingi ilikuwa kwinini. Kati ya 2005 na 2010 Muheza na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 9 za Afrika vilivyolinganisha kwinini na artesuneti kwa watoto 5,425. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa kila 100, waliopewa artesuneti walikufa 8.5. Tofauti hiyo ni watoto wawili au watatu katika kila mia, nayo ilitosha kulifanya Shirika la Afya Duniani libadili mwongozo wake mwaka 2011. Mtoto anayechomwa artesuneti leo, popote barani, anafaidi kilichojifunzwa kwa watoto wa Muheza na Korogwe, na nadhani wazee wa huko wangestahili kuambiwa hivyo mara nyingi zaidi.

Habari ya dripu ndiyo ninayopenda kuwasimulia wazazi. Wengi wetu tunaamini mtoto aliyelegea kwa homa akitundikiwa dripu anapata nguvu, na daktari asiyetundika anaonekana hajali. Madaktari nao waliamini karibu hivyo hivyo: mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri aingiziwe maji mengi kwa haraka mshipani. Jambo hilo likapimwa kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, na hospitali ya Tanzania ilikuwa Teule. Januari 2011 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: 10 na nusu kwa kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Isieleweke vibaya. Watoto waliokaushwa na kuharisha hawakuwamo katika jaribio hilo, na mtoto wa namna hiyo anahitaji maji, wakati mwingine kwa mshipa. Lakini mwenye homa bila kuharisha hahitaji dripu ili mama yake aridhike. Daktari akikuambia haina haja, mwulize sababu kwa upole, kisha umwache afanye kazi yake.

Hospitali hiyo hiyo ilipima damu ya watoto 3,639 waliolazwa na homa, ikitafuta bakteria pamoja na malaria. Watoto 341 walikutwa na bakteria damuni au kwenye maji ya uti wa mgongo. Baadhi yao walikuwa na vyote viwili, malaria na bakteria, jambo linalomaanisha kwamba hata kipimo cha malaria kinachosema ndiyo hakifungi mjadala kwa mtoto aliyezidiwa. Kisha likaonekana jambo la ajabu kidogo. Malaria ilipopungua Muheza kati ya 2006 na 2010, bakteria aina ya salmonela damuni mwa watoto nao walipungua sambamba nayo. Malaria hupasua chembe nyekundu za damu na kuidhoofisha kinga ya mwili, na bakteria hao hupata upenyo. Chandarua, kwa hesabu hiyo, kinamkinga mtoto na ugonjwa ambao hakuna mbu anayeubeba.

Sasa degedege. Watafiti waliozungumza na kina mama wa Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba kwa wengi wao degedege haikuwa na uhusiano na malaria. Malaria ni homa, dawa yake iko zahanati. Degedege ni kitu kingine, kinaletwa na shetani au na kiumbe arukaye usiku, na mahali pake ni kwa mganga: mtoto afukizwe moshi wa mavi ya tembo, aogeshwe majani, afungwe hirizi. Juu ya yote, asichomwe sindano, maana mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa.

Sioni sababu ya kuwacheka bibi zetu. Walichokiona walikiona sawasawa: macho kugeuka, mwili kukakamaa, mikono kutupwatupwa, povu mdomoni. Hata imani ya sindano ina chanzo chake. Mtoto aliyekaa kwa mganga siku mbili alifika hospitali akiwa ukingoni, akachomwa sindano kama ilivyopasa, akafa saa ile ile. Familia ikakumbuka sindano, ikasahau siku mbili. Na mganga naye alikuwa na ushahidi wake, kwa kuwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano anaweza kupata degedege kwa sababu ya joto la ghafla tu, ikaisha yenyewe baada ya dakika chache bila kumdhuru. Moshi ukapewa sifa isiyo yake.

Tatizo ni kwamba degedege ile ile inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka mno. Nyumbani hakuna awezaye kuzitofautisha, hata mimi nikiwa na mjukuu wangu mikononi. Kwa hiyo la kufanya ni moja kwa zote. Mlaze ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumuumiza. Legeza nguo. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni, usimmiminie dawa wala maji akiwa bado anatupatupa, usimshike kwa nguvu kumzuia. Angalia saa. Kisha safari ya hospitali ianze hata kama imeacha. Bibi akitaka kusoma dua, asome wakiwa njiani.

Kuna mawili mengine ambayo hayana utetezi wowote, nayo ni kukata kimeo na kung'oa meno ya plastiki. Kimeo kinalaumiwa kwa kikohozi kisichokoma, na yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo ni mbegu za meno ya kawaida zilizovimba kwenye fizi, yanalaumiwa kwa homa na kuharisha. Vyote hukatwa kwa wembe au kitu kingine chenye ncha, mtoto akatoka damu, akaingiwa na vijidudu, akashindwa kunyonya, na ule ugonjwa uliomleta haujaguswa. Hapa sina lugha ya upole.

Mzazi anawezaje kuuliza ni nani aliyebisha hodi? Kitu cha kwanza kutazama ni pumzi. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, shika simu yenye saa, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50. Kwa wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, 40. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea kuingia ndani kila anapovuta hewa, acha kuhesabu, nenda. Nimonia inaua watoto wengi, na dalili zake zinaonekana bila mashine yoyote, ila kwa sababu tumezoea kushika paji la uso tunasahau kufunua shati.

Kitu cha pili ni uchangamfu. Mtoto mwenye joto kali anayenyonya, anayelia kwa nguvu na kukufuata kwa macho ana nafasi ya kusubiri zahanati ifunguliwe asubuhi. Asiyenyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelala kiasi cha kutoamka vizuri, aliyekakamaa shingo au aliyepata degedege, huyo hasubiri. Na mchanga wa chini ya miezi miwili akiwa wa moto, au akiwa baridi isivyo kawaida, apelekwe saa ile ile.

Zahanati watampima malaria kwa tone la damu ya kidoleni, majibu yakatoka kama dakika 15 au 20. Yakisema ndiyo, dawa mseto ina dozi sita kwa siku tatu, na hutolewa pamoja na maziwa au chakula. Dozi ya nne isiwekwe kabatini kwa ajili ya mdogo wake kwa kuwa mgonjwa ameamka vizuri. Yakisema hapana, usimlazimishe muuza dawa akupe mseto. Muulize mganga wa zahanati swali hili: “Kama si malaria, unadhani ni nini?” Panadol hushusha joto na kumpa mtoto usingizi, haitibu kilicholeta joto.

Kinga yenyewe nitaipitia haraka, kwa kuwa kila mama aliyefika kliniki amekwisha kuisikia. Utafiti wa kitaifa wa 1999 ulikuta watoto 147 katika kila 1,000 wanaozaliwa Tanzania hawafiki umri wa miaka mitano. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 43. Kushuka huko hakukuletwa na dawa moja.

Chandarua hutolewa kliniki mama akiwa mjamzito, na tena mtoto anapopata chanjo ya surua ya miezi tisa. Kazi yake ni kumfunika mtoto, lakini wengine wanavulia dagaa na wengine wanazungushia bustani ya mchicha. Mtoto aingie ndani yake mapema jioni, si wakati wazazi wanapolala, hasa miezi ya masika na vuli. Nyumba nyingi za pwani zina uwazi kati ya ukuta na paa, na mbu wa malaria hupendelea kuingia hapo. Kuuziba kwa wavu ni kazi ya fundi ya siku moja.

Chanjo ya nimonia na ile ya kuharisha ziliingia katika ratiba ya Tanzania mwaka 2013. Inayosahaulika kuliko zote ni ya surua na rubela ya mara ya pili, miezi 18, maana mtoto kashaanza kukimbia na mama karudi shambani au sokoni. Tazama kadi leo.

Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, bila dawa ya mchango. Baada ya hapo uji uwekewe dagaa waliosagwa au karanga, kwani pwani hii haina sababu ya mtoto kudumaa dagaa wakianikwa mlangoni. Akiharisha, apewe ORS, kila pakiti kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Aendelee kunyonya na kula.

Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali ni bure kwa mujibu wa sera, ingawa dawa wakati mwingine hazipo na mzazi hutumwa kununua. Kinachochelewesha zaidi usiku ni nauli na ruhusa. Kwa hiyo mkubaliane mapema, mtoto akiwa mzima: nani ana namba ya bodaboda anayeitika saa nane usiku, fedha ya akiba iko wapi, nani atabaki na watoto wengine. Na baba akiwa baharini, mama asisubiri arudi. Aondoke.