Kwa nini mgonjwa wa uvimbe wa ubongo hulindwa ICU baada ya upasuaji

FAMILIA nyingi huhesabu kuwa safari imekwisha pindi daktari anapotoka na kusema uvimbe umeondolewa. Kwa wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, ICU, saa ngumu huwa ndizo zinaanza.

Fuvu la kichwa ni mfupa usiopanuka. Tumbo likivuja damu hutuna. Kichwa hakina nafasi hiyo. Damu kidogo tu inayovuja pale uvimbe ulipotolewa hukandamiza ubongo, na sehemu inayoongoza kupumua ikibanwa, mgonjwa huweza kufariki. Damu hii huvuja hasa katika saa 6 za kwanza. Ubongo wenyewe kufura huchelewa, aghalabu siku ya pili hadi ya nne, hivyo aliyewatambua wanawe Jumatatu anaweza kushindwa kutaja jina lake Jumatano.

Ndiyo maana muuguzi humwamsha mgonjwa kila baada ya muda mfupi, hata usiku wa manane, jambo ambalo jamaa hulidhania kuwa ukatili. Humulika mboni zake, humwagiza ainue mkono, humuuliza yuko wapi. Majibu hutiwa alama kati ya 3 na 15, kwa kipimo kilichobuniwa mjini Glasgow mwaka 1974. Alama zikishuka, au mboni moja ikipanuka kuliko ya pili, hupigwa picha ya CT na huenda akarudishwa chumba cha upasuaji. Kuna pia kifafa, chumvi ya damu kuvurugika, damu kuganda miguuni, na nimonia kwa aliyekaa sana kwenye mashine ya kupumulia.

Vitanda vyenyewe ni haba: mwaka 2020, korona ilipoingia, Kenya nzima ilikuwa na vya ICU zaidi kidogo ya 500. Kwa wakazi wa Kitengela na Kajiado, upasuaji wa aina hii kwa kawaida humaanisha kwenda Nairobi, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Umbali huo huwa na uzito zaidi mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani. Kidonda kutoa maji maangavu, homa na shingo kukakamaa, kutapika pamoja na maumivu makali ya kichwa, usingizi usio wa kawaida, mitukutiko: haya hayangoji siku ya kliniki. Mji wa Kitengela uko kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, msongamano wa magari ukiruhusu. Kajiado mjini ni karibu 80, na wa vijijini huanza kwa kutafuta gari. Ni heri gari na nambari ya simu ya wodi vipangwe kabla ya kuondoka hospitalini. Vidonge vya deksamethasoni, vinavyozuia ubongo kufura, navyo havikatizwi ghafla hata mgonjwa akijihisi mzima. Daktari ndiye huvipunguza, kidogo kidogo.