Viatu vya Farasi: Uliza Wiki Kabla ya Kuuliza Bei

Anayenunua farasi wake wa kwanza Uingereza kwa kawaida huwa ameshapiga hesabu ya nyasi kavu, ya kukodi banda, ya bima na ya tandiko. Viatu huachwa mwisho, vikahesabiwa kama matumizi madogo. Halafu fundi wa kwato anafika, anafanya kazi saa nzima na zaidi akiwa ameinama chini ya mnyama, analipwa pauni 100, na baada ya wiki sita yuko mlangoni tena. Hapo mwenye farasi anaanza kujiuliza: kwani ni lazima iwe wiki sita? Haiwezi kuwa nane, au kumi? Na yule fundi wa kijiji cha pili anayetoza 80, mbona tusimwite yeye?

Ni maswali ya haki, maana fedha hizi zinauma. Lakini ukiyajibu kwa kutazama bei ya siku moja utapotea. Gharama ya mwaka inaamuliwa na mambo mawili yanayotangulia bei: kama farasi huyo anahitaji chuma miguuni, na kama anahitaji, kwato zake zinavumilia wiki ngapi kabla kiatu kilichokuwa kikimlinda hakijaanza kumuumiza. Ukishayajua hayo, pauni 10 au 20 za tofauti kati ya fundi na fundi huwa jambo dogo.

Tuanze na ukwato wenyewe. Ukuta wake wa nje ni mgumu kama pembe, na hauna mishipa ya fahamu, ndiyo sababu msumari uliopigwa mahali pake haumuumi mnyama. Hukua kati ya milimita 6 na 10 kwa mwezi. Farasi asiye na viatu huusaga ardhini anavyotembea. Mwenye viatu hausagi, kinachosagika ni chuma. Kwa hiyo sehemu ya mbele huzidi kurefuka, na kwa kuwa ukwato hukua kuelekea chini na mbele kwa pamoja, kiatu nacho husogezwa mbele kidogo kidogo hadi kisigino kinabaki bila egemeo. Tena kisigino hutanuka kidogo kila mguu unapokanyaga, kikajisugua juu ya chuma na kulika, wakati mbele hakuna kinacholika. Ukwato mzima unaanza kulala. Kano zilizo nyuma ya mguu ndizo zinazobeba adhabu hiyo, na zinaibeba kimya kimya huku farasi akiendelea kula, kutembea na kuonekana mzima.

Wiki sita ndizo zinazotajwa sana kwa sababu kwa farasi wengi ndipo mabadiliko hayo yanapoanza kuwa na madhara. Wapo wanaohitaji wiki tano, hasa majira ya kuchipua na ya joto, kwato zinapokua kwa kasi. Wapo wanaofika saba au hata nane wakati wa baridi, ukuaji ukipungua. Kupita nane akiwa na chuma mguuni mimi sikushauri, hata kama kiatu bado kinang'aa na hakijalika. Kiatu kuwa kizima si habari njema yoyote ikiwa mguu uliokivaa umeshabadilika umbo.

Wala huhitaji kuwa fundi ili kujua muda umefika. Pitisha vidole juu ya ukuta wa nje wa ukwato, pale ncha za misumari zilipokunjwa. Zikiwa zimelala laini, vyema. Zikikwaruza vidole, zimeanza kuinuka na kiatu kinalegea. Tazama kisigino kwa upande: ukiona kimejaa juu ya chuma au kimekimeza, umechelewa. Sikiliza farasi akipita juu ya sakafu ya saruji. Kiatu kilicholegea kina mlio wake mwepesi, wa kugongagonga, tofauti na vile vitatu vingine.

Kinacholipiwa ni nini hasa? Fundi anauinua mguu na kuuweka katikati ya magoti yake, juu ya aproni ya ngozi. Anazinyoosha zile ncha zilizokunjwa, anang'oa kiatu cha zamani kwa koleo akianzia kisigino, anakata ukwato uliozidi, anakwangua unyayo kwa kisu kilichopinda ncha, kisha anasawazisha kwa tupa. Nyuma ya gari lake kuna tanuri dogo la gesi na fuawe. Kiatu kikishaiva moto anakigusisha kwenye ukwato kwa sekunde chache. Moshi mzito wa manjano unapanda, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Farasi aliyezoea hata sikio hatikisi. Alama nyeusi iliyobaki inamwonyesha fundi wapi kiatu kimekaa na wapi hakijagusa, naye anarudi kwenye fuawe, anagonga, anajaribu tena. Ndipo inakuja misumari, kwa kawaida sita hadi nane kwa kila kiatu, kila mmoja ukipigwa kwa pembe ya kuutoa nje ya ukuta, kwa sababu ukiingia ndani kwa unene wa kucha tu unafika kwenye nyama. Huu ndio ustadi unaoununua.

Kwa sasa Uingereza seti kamili ya viatu vinne vya chuma huwa kati ya pauni 80 na 120, na karibu na London huenda juu zaidi. Viatu viwili vya mbele pekee huwa 55 hadi 75. Kuchongwa kwato bila viatu ni 35 hadi 50. Viatu vya tiba, vile vilivyofungwa nyuma kwa ajili ya farasi mwenye maradhi ya mguu, pamoja na vya kubandikwa kwa gundi, mara nyingi huzidi maradufu.

Sasa zigeuze bei hizo ziwe za mwaka. Seti ya pauni 100 kila wiki sita ni takriban 867 kwa mwaka. Ukiisogeza hadi wiki nane, inashuka hadi 650. Umeokoa pauni 217, na hapo ndipo watu wengi wanaponaswa. Jipu moja ndani ya ukwato au kano moja iliyovutika, kwa ada ya daktari wa mifugo, dawa na wiki za kutompanda, humeza fedha hizo na kubakiza deni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mguu wa farasi hauna fundi wa kuujenga upya. Kwa upande mwingine, yule fundi wa pauni 80 anayefanya kazi ya haraka, viatu vikalegea wiki ya nne, ni ghali kuliko wa pauni 100 ambaye kazi yake inakaa wiki sita: wa kwanza anakugharimu pauni 20 kwa wiki, wa pili chini ya 17. Bei ya kulinganisha ni hiyo, ya wiki moja ya mguu mzima.

Kabla ya yote hayo, uliza kama chuma kinahitajika. Farasi anayepandwa mara mbili tatu kwa wiki juu ya majani na mchanga, mwenye ukuta mnene wa ukwato na unyayo uliojikunja vizuri kwa ndani, anaweza kuishi maisha yake yote bila kiatu. Kuchongwa kwa pauni 40 kila wiki sita ni takriban 347 kwa mwaka, na kwato zikiwa nzuri unaweza kwenda hadi nane kwa 260. Hiyo ni nusu ya gharama, au pungufu. Anayehitaji chuma ni farasi anayepita sana juu ya lami na kokoto, anayeruka vizuizi kwenye majani yenye utelezi, anayevuta mkokoteni barabarani, au ambaye ukuta wake unameguka na unyayo wake ni mwembamba.

Katikati ya hao wawili kuna njia ambazo nadhani hazipewi nafasi ya kutosha. Ya kwanza ni viatu vya mbele tu. Takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi husimama juu ya miguu ya mbele, na mara nyingi nyuma kunavumilia. Kwa pauni 65 kila wiki sita unafika 563 kwa mwaka, ingawa ni lazima kuuliza kama bei hiyo inajumuisha kuchonga kwato za nyuma. Njia nyingine ni buti za farasi, za mpira na plastiki, ambazo mwenyewe unamvisha kabla ya kutoka na kumvua ukirudi. Jozi nzuri ni pauni 100 hadi 250. Chukua jozi ya 160 pamoja na kuchongwa kila wiki sita: mwaka wa kwanza 507, na wa pili 347 ikiwa buti bado zinafaa. Udhia wake ni vipimo. Ukwato ukibadilika umbo, buti inasugua kisigino au inabaki matopeni. Mpime mara tu baada ya kuchongwa, si kabla, na nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa.

Kumtoa farasi kwenye chuma nako kunataka subira. Ukuta mpya huchukua takriban miezi tisa hadi kumi na miwili kushuka kutoka juu hadi chini, na katika miezi ya kwanza atachagua majani na kuikwepa kokoto. Anayevua viatu Jumamosi na kwenda njia ya mawe Jumapili atamlaumu fundi bure. Wapo wanaovua viatu wakati wa baridi tu, farasi anapopumzika. Ukiruka seti tatu za pauni 100 na badala yake ukalipa kuchongwa mara tatu kwa 40, umebakiza pauni 180 na kwato zimepumua. Huo ndio ubanaji ninaoupenda, kwa sababu mnyama naye anafaidika.

Mahali pa kutobana ni kwenye sifa za mtu. Kwa sheria ya mwaka 1975, katika England, Scotland na Wales haruhusiwi kumpigilia farasi viatu mtu asiye kwenye rejista ya mafundi, hata kama farasi ni wako na nyundo ni yako. Kando ya hao wanaruhusiwa madaktari wa mifugo na wanafunzi wa ufundi huo waliosajiliwa. Mafunzo huchukua takriban miaka minne chini ya fundi mwenye kibali. Kuchonga tu farasi asiye na viatu hakumo katika masharti hayo, kwa hiyo hapo mzigo wa kumchunguza mchongaji unabaki kwako: amesoma wapi, ana bima, na daktari wako wa mifugo anamjua? Marekani, kinyume chake, hakuna leseni ya taifa. Vyeti vya mafundi ni vya hiari, na mwenye farasi anapaswa kuvidai mwenyewe.

Msomaji aliye na farasi Kenya, awe wa mbio pale Ngong au wa polo Gilgil, asizibadilishe bei hizi kuwa shilingi. Achukue njia ya hesabu: bei ya fundi wake igawanywe kwa wiki ambazo kazi inakaa, kisha ajumlishe nauli ya fundi anayetoka mbali. Kiangazi huufanya ukwato uwe mkavu na mkakamavu, masika huulainisha, na ardhi ikibadilika ratiba nayo itazamwe upya. Punda wa Lamu hawavai viatu na wanabeba mchanga na mawe kutwa, lakini nao kwato zao hurefuka na kupinda zisipochongwa. Kutovaa chuma hakumaanishi kuachwa.

Nauli hiyo inapunguzika kwa urahisi. Wenye farasi watatu wanne wa jirani wakikubaliana siku moja, mafundi wengi hushusha bei, na hushusha zaidi wakikuta farasi ameshafungwa, miguu imekauka haina tope, na sakafu ni tambarare yenye kivuli. Weka miadi inayofuata kabla hajawasha gari. Kusubiri hadi kiatu kidondoke ndipo upige simu ni kuhakikisha utapata nafasi wiki mbili baadaye.

Na hilo la kiatu kudondoka liulizwe mapema. Mafundi wengine hukirudisha bure ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, wengine hutoza pauni 20 au 30, na bei hiyo ni sehemu ya kulinganisha kama zilivyo nyingine. Kikitoka nusu na kuning'inia, mwondoe farasi malishoni, usimpande, zungushia ukwato pamba nzito na utepe wa kunata ili asikanyage misumari iliyojitokeza, kisha mpigie fundi. Kiatu chenyewe kitafute kwenye tope na ukiweke, maana kama hakijapinda atakirudishia kile kile na utalipa kazi tu.