Je, Wajua? Nyuzi 40 Mlangoni pa Hounslow

Tarehe 19 Julai 2022, kipimajoto cha Heathrow, uwanja wa ndege unaopakana na Hounslow, magharibi mwa London, kilifika nyuzi 40.2 za Selsiasi. Uingereza haikuwa imewahi kufikisha 40. Joto hilo lililetwa na hewa ya moto iliyopanda kutoka kusini.

Uingereza ni njia panda ya hewa. Ya Greenland huleta manyunyu, ya Siberia huleta baridi kavu, ya visiwa vya Azores huleta mawingu na unyevu. Ya Sahara huja hata na vumbi lake: mvua ikinyesha, magari huachwa na madoa mekundu. (Sisi wa pwani tuna kaskazi na kusi zinazodumu miezi. Kule hewa hubadilika kabla chai haijapoa!)

Hewa mbili zikikutana hazichanganyiki upesi. Ya baridi ni nzito, hivyo hujipenyeza chini ya ile ya joto na kuisukuma juu. Ikipanda hupoa, mawingu hutanda, mvua hushuka. Mpaka kati ya hewa hizo mbili ukishapita, upepo hugeuka ghafla, mara nyingi kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-magharibi.

Mwelekeo wa upepo ndio unaoamua mambo Heathrow, maana ndege hutua zikiukabili upepo. Ukivuma wa magharibi, ambao ndio wa kawaida, ndege nyingi hupita chini mno juu ya nyumba za Myrtle Avenue, mtaa wa Hounslow, magurudumu yameshatolewa, na wapenzi wa ndege hujaa na kamera. Ukigeuka wa mashariki, ndege hutua kutokea magharibi, upande wa mji wa Windsor.