HALI YA SOKO LA SAFARI: Taipei kwa siku nne, chumba cha wawili chaokoa theluthi

Bei za vyumba vya hoteli mjini Taipei zimeendelea kuwa nzito tangu Taiwan ilipoondoa karantini kwa wageni Oktoba 2022, ilhali nauli za treni za mjini na chakula cha masoko ya usiku bado ni rahisi ukilinganisha na Tokyo, Hong Kong au Singapore. Kwa hiyo anayekwenda kutembea huko peke yake kwa siku chache huumizwa na malazi, na anayekwenda na rafiki hupona hapo hapo. Sehemu nyingine zote za bajeti hazina tofauti kubwa.

Fedha inayotumika ni dola ya Taiwan, inayoandikwa NT$. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ikienda kati ya 30 na 33 kwa dola moja ya Marekani. Mwanzoni mwa Mei 2025 iliruka juu kwa kishindo ndani ya siku mbili tu za biashara, na waliokuwa wamelipia hoteli mapema kwa fedha ya huko wakajikuta wamefanya biashara nzuri bila kukusudia. Mwenye shilingi ya Kenya, ambayo kwa muda mrefu wa 2025 ilisimama karibu na 129 kwa dola ya Marekani, anaweza kuhesabu NT$ 1 kuwa sh. 4 na senti kidogo.

KWA NINI VYUMBA HAVISHUKI

Mtu angetazamia bei zishuke, kwa kuwa wageni wamepungua. Mwaka 2019 Taiwan ilipokea wageni zaidi ya milioni 11.8, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla ya hapo. Mwaka 2024 waliingia takriban milioni 7.86 tu. Sababu moja kubwa ni kwamba Agosti 1, 2019 Beijing ilisimamisha vibali vya watu wake kwenda Taiwan kutalii mmoja mmoja, na biashara hiyo haikurudi kama ilivyokuwa. Nyingine ni kwamba Wataiwan wenyewe huenda nje kuliko wageni wanavyoingia: mwaka huo huo wa 2024 zilihesabiwa safari milioni 16.85 za kutoka, na Japan peke yake, ambako yen ilikuwa imeporomoka, ilipokea wageni milioni 6 kutoka Taiwan.

Lakini hoteli hazipangi bei kwa hesabu ya mwaka. Zinapanga kwa hesabu ya usiku. Usiku wa Jumamosi hujaa wenyeji wanaotoka miji mingine, na bei ya usiku huo ni tofauti kabisa na ya Jumanne. Mei 2025 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuongeza sikukuu, zikiwemo Septemba 28, Oktoba 25 na Desemba 25, maana yake wikiendi ndefu ni nyingi zaidi na usiku wa bei ya juu ni mwingi zaidi. Mwaka Mpya wa Kichina ndio wa hatari kuliko zote. Vyumba hupanda, tiketi za treni za masafa huisha, na maduka mengi madogo hufungwa, hivyo mgeni hulipa zaidi ili apate kidogo.

Dawa yake ni rahisi. Rafiki wawili wanaoweza kuomba ruhusa kazini waingie Jumapili jioni na kuondoka Jumatano. Wafahamu tu kwamba Jumba la Makumbusho la Kasri la Taifa hufungwa Jumatatu.

Jambo jingine dogo: tangu Januari 1, 2025 hoteli za Taiwan haziruhusiwi kuweka chumbani bure vile vichupa vidogo vya shampuu, wala miswaki ya kutupa na viwembe. Ni vema msafiri abebe vyake. Sheria hii ni ya kupunguza taka za plastiki, na aliyezoea kusafiri mikono mitupu inamgusa mfukoni.

HESABU YA MWENYEWE NA YA WAWILI

Ikichukuliwa hoteli ya kawaida yenye chumba cha vitanda viwili kwa NT$ 3,000 kwa usiku, kwa usiku 3, na chakula cha masoko na migahawa midogo kwa NT$ 700 kwa mtu kwa siku, hesabu ya mtu mmoja kati ya wawili huwa hivi:

Malazi, nusu ya NT$ 9,000: 4,500
Treni ya uwanja wa ndege, kwenda na kurudi: 300
Kadi ya nauli pamoja na safari 15 za mjini: 475
Makumbusho na ghorofa ya Taipei 101: 950
Chakula siku 4: 2,800
Jumla: NT$ 9,025

Peke yake, mtu huyo huyo, chumba hicho hicho, angelipa NT$ 13,525. Rafiki ana thamani ya NT$ 4,500, yaani theluthi ya bajeti nzima, na yote inatoka katika mstari mmoja wa malazi. Nauli ya ndege haimo.

Katika treni za mjini urafiki hauna punguzo. Kila abiria hugonga kadi yake mlangoni, na kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili kwa safari moja. Treni hizo zilianza Machi 1996, na nauli yake ni kati ya NT$ 20 na 65 kufuatana na umbali. Kadi ya EasyCard huuzwa NT$ 100, fedha isiyorudishwa, kisha huongezwa salio. Ipo pia tiketi ya saa 72 kwa NT$ 380, na wageni wengi huikimbilia kwa kuwa jina lake linavutia. Lakini safari ya wastani ya katikati ya mji ni NT$ 25 hivi, na tiketi hiyo hailipi mpaka mtu apande treni mara 16 au zaidi katika siku 3. Wachache hufika huko. Anayependa kutembea kwa miguu aiache.

Ndani ya treni hakuna kula wala kunywa, hata maji, hata kutafuna ubani wa dukani. Faini ni kati ya NT$ 1,500 na 7,500. Kwa faini ya chini kabisa rafiki wawili wangekula soko la usiku jioni nzima.

Teksi ndiyo inayogawanyika vizuri. Tangu Aprili 2023 mita huanza na NT$ 85 kwa kilomita 1.25 za mwanzo, na usiku huongezwa 20. Treni hulala saa sita usiku. Safari ya NT$ 160 baada ya hapo ni 80 kwa kila mmoja, bei ambayo haimtishi mtu.

UWANJA UPI

Taipei ina viwanja viwili, na hapa wengi hupoteza saa bila kujua. Uwanja mkubwa wa Taoyuan uko nje ya mji. Treni yake ilifunguliwa Machi 2017, na ya haraka huchukua chini ya dakika 40 kufika Stesheni Kuu kwa NT$ 150. Uwanja wa Songshan uko ndani ya mji wenyewe, una stesheni ya treni ya mjini mlangoni, na nauli kutoka hapo ni ile ile ya kuanzia 20. Songshan hupokea ndege za Haneda Tokyo, Gimpo Seoul na Hongqiao Shanghai. Kwa safari ya siku 10 tofauti hii si kitu. Kwa safari ya siku 4, muda uliookolewa kila upande nao una bei yake ukigawa gharama zote kwa saa.

Msafiri wa Afrika Mashariki hana ndege ya moja kwa moja. Walio wengi wanaofika ni wale ambao tayari wako Guangzhou au Hong Kong kwa biashara, na kutoka Hong Kong ni mwendo wa chini ya saa mbili angani. Hao wakumbuke kwamba viza ya China Bara ya kuingia mara moja huisha mtu anapotoka, hata kama anakwenda Taipei kwa usiku 3 na mzigo wake bado uko ghalani Guangzhou. Viza ya Taiwan nayo ni lazima kwa pasi za Tanzania na Kenya, na nchi hizi hazina ubalozi wa Taiwan. Tanzania ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyoshika bendera mwaka 1971, Umoja wa Mataifa ulipokipeleka kiti cha China Beijing. Kwa hiyo maombi ya viza ni ya kuanza mapema, si ya wiki ya mwisho.

SOKO LA CHAKULA

Hapa mnunuzi ana nguvu. Katika masoko ya usiku ya Raohe, Ningxia na Shilin chakula huuzwa kwa vipande vidogo, kila kibanda na kitu chake kimoja, na bei imebandikwa. Bakuli la tambi na nyama ya ng'ombe mgahawani huwa kati ya NT$ 150 na 300. Wawili hununua kipande kimoja kimoja na kugawana, hivyo huonja vibanda vinane kwa tumbo la vinne. Aliye peke yake hushiba kabla hajafika katikati ya soko.

Chai ya maziwa yenye punje nyeusi, ambayo sasa inauzwa dunia nzima, ilitoka hapa katika miaka ya 1980. Zile punje ni wanga wa muhogo, na kisiwa hiki kimepata utajiri mkubwa kwa kuziweka katika kikombe cha plastiki.

Bei haziko salama daima. Mwanzoni mwa 2023 mayai yaliadimika kisiwani, homa ya ndege ikiwa miongoni mwa sababu, serikali ikaagiza mayai hadi kutoka Brazil, na Septemba mwaka huo Waziri wa Kilimo akajiuzulu kutokana na sakata la mayai hayo. Migahawa ya asubuhi, ambayo karibu kila sahani yake ina yai, ndiyo iliyoumia.

Katika migahawa mikubwa hakuna bakshishi, lakini asilimia 10 ya huduma huongezwa juu ya bili. Ni vema wawili wakubaliane kabla ya kuondoka nyumbani nani analipa nini. Njia inayofanya kazi vizuri ni mfuko wa pamoja: kila mmoja hutoa kiasi sawa, salio huwekwa katika kadi moja ya tatu ya EasyCard, na kadi hiyo hutumika kwa maji, vitafunio na manunuzi madogo ya maduka ya saa 24, ambako inapokelewa. Daftari halihitajiki. Salio likiisha, wote wawili huongeza. Rafiki hugombana zaidi kwa vitu vya NT$ 40 vilivyolipwa na mtu mmoja mara ishirini kuliko kwa hoteli, kwa sababu ya hoteli ilijadiliwa na ya maji haikujadiliwa.

KUPANDA NA KUANGALIA

Taipei 101 ina mita 508 na ilikuwa jengo refu kuliko yote duniani kuanzia 2004 hadi Burj Khalifa la Dubai lilipofunguliwa 2010. Lifti hutoka ghorofa ya 5 hadi ya 89 kwa sekunde 37, na juu kuna tufe la chuma la tani 660 linalopunguza kuyumba kwa jengo wakati wa upepo na tetemeko. Tiketi ni NT$ 600. Siku ya mawingu fedha hiyo hununua ukungu, kwa hiyo isilipwe kabla ya kutazama mbingu. Makumbusho kwa mgeni ni NT$ 350 na ndiyo thamani bora zaidi mjini: vitu karibu 700,000, vingi vyao vya hazina ya wafalme wa Beijing, vilivyovushwa bahari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1948 na 1949.

Kuhusu kutoka nje ya mji, treni ya kasi iliyoanza Januari 2007 huenda hadi Zuoying, Kaohsiung, kwa NT$ 1,490 kwenda tu. Pasi ya siku 3 ya wageni, iliyokuwa ikiuzwa NT$ 2,200 mwaka 2024, hulipa kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Ila siku 4 ni chache, na mabonde ya Taroko yaliharibiwa vibaya na tetemeko la Aprili 3, 2024.

Julai hadi Septemba ni miezi ya vimbunga, ingawa Kong-rey kilipiga Oktoba 31, 2024. Serikali ya mji ikitangaza siku ya kimbunga, ofisi na shule hufungwa na ndege nyingi hufutwa. Usiku wa nne hotelini hulipwa na msafiri, kwa hiyo bima isiyotaja kimbunga haina maana.

RISITI ZISITUPWE

Ununuzi wa NT$ 2,000 au zaidi kwa siku moja katika duka moja lenye mpango huo humpa mgeni haki ya kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, ikipungua ada ya kushughulikia. Haki hiyo huenda na pasi ya mtu. Wawili walionunua vya NT$ 1,500 kila mmoja hawapati kitu.

Aidha, kila risiti ya kawaida ina namba 8 na ni tiketi ya bahati nasibu ya serikali, iliyoanzishwa 1951 ili wateja wenyewe wawalazimishe wenye maduka kutoa risiti. Mwaka huo wa kwanza kodi iliyokusanywa ilipanda kutoka NT$ milioni 29 hadi milioni 51. Zawadi ya juu ni NT$ milioni 10, ya chini ni 200 kwa anayelingana tarakimu tatu za mwisho, na mgeni naye anaruhusiwa kushinda. Tatizo ni kalenda. Namba huchezeshwa tarehe 25 ya kila mwezi usiogawanyika kwa mbili, kwa risiti za miezi miwili iliyotangulia, na malipo huanza tarehe 6 ya mwezi unaofuata, wakati mgeni wa siku nne amekwisha rudi kwake. Mwenye mwenyeji Taipei humwachia bahasha. Wengine huzitumbukiza katika visanduku vya mashirika ya hisani vilivyowekwa karibu na mlango wa duka.