Mama akiwa mnene kupita kiasi, mtoto naye yuko hatarini?

Kigera mjini Musoma, kama sehemu nyingi za Tanzania, mtoto bonge ni fahari ya nyumba. Mama naye akinenepa, anaambiwa ndoa imemkubali. Anayewatia watu wasiwasi ni mtoto mwembamba.

Wasiwasi huo una msingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha watoto 34 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wenye uzito uliozidi walikuwa kama 4 tu. Lakini kwa akina mama mambo yanabadilika haraka: wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa 18 kati ya 100 mwaka 2004-05, wakafika 28 mwaka 2015-16.

Hilo linamhusu vipi mtoto? Mambo huanza tumboni. Mama mwenye uzito mkubwa ana hatari zaidi ya kupata kisukari cha mimba. Sukari iliyozidi kwenye damu yake hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mwili wa mtoto hutengeneza insulini nyingi ili kuikabili, na sukari hiyo hugeuka mafuta. Ndiyo maana wengine huzaliwa na zaidi ya kilo 4. Ndugu hushangilia, kumbe mtoto huyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kunenepa kupita kiasi baadaye.

Kuna pia kurithi, ila siyo kila kitu ni damu. Mama na mtoto wanakula chungu kimoja. Kama chai ya nyumbani ni sukari vijiko vinne na maandazi, mtoto atajulia wapi kingine?

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 katika jarida la BMJ ulifuatilia watoto zaidi ya 24,000. Ambao mama zao walikuwa na uzito wa kawaida, wanakula vizuri, wanafanya mazoezi, hawavuti sigara na hawazidishi pombe, hatari yao ya unene kupita kiasi ilikuwa chini kwa asilimia 75.

Hii haina maana mjamzito ajinyime chakula. Kujinyima kunaweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, nalo ni tatizo jingine. Ila ile ya "kula kwa ajili ya watu wawili" nayo inapotosha. Ugali na sato au dagaa wa ziwani, mboga za majani na kutembea kwa miguu badala ya kupanda bodaboda kila safari vinatosha kuanzia. Na apimwe sukari kliniki.

Mtoto akizaliwa, anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Akipelekwa kupimwa uzito, mama aombe apimwe na urefu, maana mtoto mwenye mashavu anaweza kuwa amedumaa na wakati huohuo ana uzito uliozidi.