Korosho Ndani ya Barafu

Kama ulikulia Newala au Masasi na hujawahi kung'ata kona ya kifuko cha barafu, ukafyonza mpaka rangi na utamu vyote vikahamia kinywani ukabaki na donge jeupe la maji, basi wewe ulikuwa mtoto wa geti kali. Kaa hapo pembeni, masela tukupigie stori.

Sisi madogo wa kitaa tulikuwa na maza mmoja, nyumba ya tatu kutoka shule, ndo mwenye friji. Friji lenyewe limevalishwa kitambaa cha kufuma, limepandishwa juu ya matofali, linaheshimiwa kuliko mjumbe. Kengele ya mapumziko ikigonga, mbio. Kuna ya ubuyu, kuna ya ukwaju, na kuna ile nyekundu ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nini, ila ulimi ulikuwa unatoka kama umelamba rangi ya kucha. Huna hela? Freshi tu. Msimu wa korosho unapeleka korosho zako ghafi, na maganda yake, anazihesabu mkononi, anakupa barafu. Nikikaa nikiwaza sasa hivi naona kabisa yule maza alikuwa kangomba, mnunuzi wa korosho wa njia za panya, tofauti yake na wale wa vichochoroni ni friji tu. Na sisi wenyewe hatukuwa malaika. Zile korosho tulikuwa tunaokota chini ya mikorosho ya watu.

Sasa ishu yangu inaanzia hapo. Barafu tulikula kinoma, korosho tulizunguka nazo mifukoni, ila korosho ndani ya barafu? Sikuwahi kuiona. Kwetu korosho haikuwa msosi, ilikuwa mpunga. Inakwenda AMCOS, chama cha ushirika, inapimwa, inalala ghalani, inasubiri mnada, inarudi nyumbani ikiwa bati, sare ya shule au pikipiki ya mshua. Dogo ukikutwa unatafuna unaulizwa kama umeamua kula ada yako. Halafu kitu hichohicho kinapanda meli, huko kinakoenda watu wanakisaga kuwa maziwa, wanagandisha, wanauziana kwa bei ya kishua. Nilipoliona hilo kwenye simu nilikasirika ile ya kimyakimya. Nikasema, hii kitu naipika mwenyewe.

Na maji nayo usiyachukulie poa. Newala iko juu ya uwanda, mchanga wake unameza mvua yote, maji yanatokea chini mabondeni. Kabla ya mradi wa mabomba wa miaka ya 1950, wakinamama walikuwa wanashuka mteremko na kupanda tena na mtungi kichwani. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akaja kukaa Newala mwaka 1906, akabaki kashangaa watu wanaishije mbali na maji namna ile. Wazee wana jibu la kitambo: mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke, wakazaa karibu na mto, mtoto hakuishi. Wakasogea juu kidogo, hakuishi tena. Walipopanda kabisa uwandani ndo mtoto akapona. Kwa hiyo kaeni juu, maji mtayafuata. Sawa, tukakaa juu. Ila hebu waza, njomba, maji ya tabu hivyo mtu anayatia sukari, anayagandisha, dogo anayalamba mapumziko huku kavaa kandambili za rangi mbili. Ule ulikuwa ukishua wetu.

Haya, jikoni. Mara ya kwanza nilichemka vibaya. Niko zangu geto Masasi, joto linashuka kutoka kwenye yale majabali kama mtu kawasha jiko, nikamwaga unga wa ubuyu kwenye maziwa ya ng'ombe yanayochemka. Ubuyu ni mchachu, maziwa yakakatika palepale, nikabaki na mgando wa moto. Mara ya pili nikajaza sukari kwa tamaa, ikagoma kuganda usiku kucha, kwa sababu sukari ikizidi inazuia maji kushikana. Asubuhi nikainywa kama juisi nzito, nikajifanya ndo plani yenyewe.

Ya tatu ikatiki. Chukua robo kilo ya korosho zilizobanguliwa, nyeupe, zisizokaangwa. Kubangua za ghafi mwenyewe ukiwa na haraka achana nako, yale mafuta ya kwenye ganda yanachoma ngozi, vidole vitakukumbusha wiki nzima. Ziloweke usiku mzima. Asubuhi mwaga yale maji, saga na maji safi nusu lita na kikombe kidogo mpaka iwe laini, ukiisugua kati ya vidole husikii chenga. Bandika moto mdogo, koroga bila kupiga stori na mtu. Korosho ina wanga wake, kwa hiyo ghafla utaona inaanza kushika mwiko kama uji. Hapo hapo epua. Huhitaji yai wala maziwa ya kopo. Tia sukari vijiko vikubwa vinane, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, iliki. Iache ipoe kabisa, halafu ndo uingize unga wa ubuyu vijiko vinne, uliochekechwa na kukorogwa na maji kidogo. Ubuyu una kile kitu cha asili kinachofanya jamu ishike, unaifanya barafu iwe laini isigeuke jiwe. Ingiza kwenye friza, kila nusu saa toa uikoroge kwa uma, mara nne au tano, kuvunja chembe za barafu zikiwa bado changa. Ukifanya uvivu hapo unakula kokoto.

Juu yake mimi naweka mabibo, yale matunda ya mkorosho, na hapa ndo wana wengi wananishangaa. Msimu wa korosho, ukipita shambani utakuta mkulima ameinama, ananyonga korosho kutoka kwenye bibo, korosho kwenye ndoo, bibo chini. Yamelala hapo mekundu na njano, nyuki wamejaa, harufu tamu mpaka inaleta usingizi. Mengine yanaishia kuwa uraka, pombe ya mabibo, mambo ya wazee hayo. Mimi naokota yaliyo mazima, nakata, nachemsha na maji ya chumvi kidogo, namwaga yale maji kupunguza ule ukakasi unaokunja ulimi, kisha narudisha motoni na sukari mpaka inakuwa nzito. Vaa fulana ya zamani. Doa la bibo halitoki, na bi mkubwa atakuuliza.

Friza huna? Mbona simpo. Mwezi uliopita nilipanda Newala kwa bibi, kwake friji halijawahi kuingia. Nilichukua mabonge ya barafu kwa jirani, nikayaponda ndani ya kiroba, vikombe vitatu vya barafu kwa kimoja cha chumvi ya mawe, vyote kwenye ndoo. Sufuria ndogo ya alumini katikati, mfuniko juu. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke, na ikiyeyuka inavuta joto kutoka kwenye sufuria, ubaridi unashuka chini kabisa ya sifuri. Unazungusha sufuria kama usukani wa Fuso, dakika 40 hivi, unafungua unakwangua pembeni, unafunga. Madogo wa jirani walikuja wenyewe, kila mmoja anaomba zamu ya kuzungusha. Jioni ilishaingia, upepo wa Shimo la Mungu, lile bonde la ukingoni mwa uwanda, unapuliza, ukungu unapanda, mtu mzima yeyote mwenye akili alikuwa anatafuta chai.

Bibi akakubali kijiko kimoja. Akakiacha mdomoni muda mrefu.

"Mume wangu, humu umetia korosho kiasi gani?"

"Robo kilo bibi. Za kubanguliwa."

Kimya. Kile kimya nakijua, alikuwa anapiga hesabu. Kilo moja iliyobanguliwa inakula kilo nne mpaka tano za ghafi, kwa hiyo robo yangu ilikuwa kilo nzima ya ghafi na kidogo juu. Na kwa bibi kilo ya korosho ina bei moja tu, ile ya Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua kwa 3,300 na magari ya jeshi yakaja kusomba mzigo.

"Umenilisha elfu tatu na mia tatu," akasema.

Nikaanza kujitetea. Akasukuma bakuli.

"Mimi nimekula za elfu tatu. Tia na hizo za mia tatu."